Kupima Hewa ya Dodoma: Vumbi Tunaloliona na Moshi Tuliouzoea

Mwezi wa Agosti, saa 9 alasiri, upepo ukishika kasi, chamchela hunyanyuka kutoka kwenye viwanja vilivyosafishwa kwa ujenzi, hukatiza mtaa na kupita juu ya mabati. Watu hufumba macho, kina mama huvuta khanga puani, wenye maduka hurudisha milango. Muulize yeyote aliyesimama hapo kama hewa ya Dodoma ni chafu, naye atakuonyesha ile nguzo ya vumbi jekundu inayokwenda zake. Hatakuonyesha jiko lililo nyuma ya nyumba.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu ya jiko hilo. Nimekuwa nikipima chembe za hewani kwa vifaa vidogo vya bei nafuu, majumbani na barabarani, na jambo moja limenikaa moyoni: hapa kwetu vumbi limetuteka macho hata tumeusahau moshi. Na ukinunua kifaa bila kuelewa kinavyofanya kazi, nacho kitakupotosha kuhusu vyote viwili. Kwa hiyo, kabla hujatoa hela yako, jua kwanza unataka kupima nini.

Chembe zenyewe

Chembe zinazoitwa PM2.5 ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo hata chembe 20 zikipangwa bega kwa bega ndiyo kwanza zinaukaribia unene wa unywele mmoja. PM10 ni kundi pana zaidi, linalozijumlisha hizo pamoja na nyingine hadi mikromita 10.

Tofauti hii ya ukubwa ina maana kubwa mwilini. Vumbi la barabarani lina chembe kubwa nyingi, na sehemu kubwa yake hunaswa puani na kooni. Unapiga chafya, unatema makohozi yenye rangi ya udongo, yanaisha. Chembe ndogo nyingi huzaliwa na moto: kuni, mkaa, dizeli, takataka zinazochomwa uani jioni. Hizo hupita pua, hupita koo, hufika kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kifuani. Yapo ya kikohozi, pumu na nimonia, lakini pia yapo ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu, na watoto wanaozaliwa na uzito pungufu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba moshi wa majikoni peke yake ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5.

Ukitaka kuielewa tofauti hii bila kununua chochote, chukua visahani viwili vyeupe, vipake mafuta ya mgando kidogo, kimoja ukiweke dirishani upande wa barabara na kingine jikoni, kwenye rafu iliyo mbali na meza ya kukatia mboga. Viache siku mbili. Cha dirishani kitakuwa kimebadilika rangi. Cha jikoni kinaweza kubaki karibu vilevile, na hapo ndipo watu wengi hufanya kosa la kusema jikoni kuna hewa safi. Chembe ya mikromita 10 hushuka kutoka kimo cha mtu hadi sakafuni kwa dakika chache. Ya mikromita 2.5 huchukua saa nzima na zaidi, na chembe za moshi, zilizo ndogo kuliko hapo, zinaweza kuelea siku kadhaa hewa ikitulia. Kisahani kinakusanya kinachodondoka, ilhali moshi haudondoki. Unaelea hadi uvutwe na pua ya mtu au utoke dirishani.

Sasa ingia kwenye nyumba ya bati ambalo msumari wake umeng'oka, asubuhi jua likiwa limeinama. Utaona ule mkuki mwembamba wa mwanga unaokatiza chumba, na ndani yake punje zinazocheza. Punje hizo ni vumbi kubwa. Mtu akiwasha jiko, angalia tena: katikati ya punje zile mkuki wenyewe unaanza kuonekana kama kitu kizima, wenye ukungu wa rangi ya samawati. Huwezi kuona chembe moja moja za ukungu ule, lakini kwa wingi wake zinautawanya mwanga. Kifaa cha bei nafuu cha kupimia hewa hufanya jambo hilohilo: ndani yake mna kifeni kinachovuta hewa, mwali wa leza badala ya jua la tundu la msumari, na kijicho cha kielektroniki kinachohesabu mwanga uliotawanyika. Hakipimi uzito. Kinaangalia mwanga, kisha kinakisia uzito.

Kifaa na mitego yake

Mashine rasmi za kupimia, zile zinazotumika kwenye vituo vya serikali na vyuo vya utafiti, ama hukusanya chembe kwenye karatasi ya chujio inayopimwa kwenye mizani nyeti kabla na baada, ama hupitisha mionzi ya beta kwenye chujio hilo ili kujua uzito. Zina bei ya gari, zinahitaji umeme wa uhakika na fundi. Mtu wa kawaida, shule au serikali ya mtaa itatumia kihisi cha leza kama Plantower PMS5003 au Nova SDS011, kikiwa peke yake au ndani ya kifaa kilichokamilika kama PurpleAir. Vihisi hivi vina manufaa makubwa kama ukijua udhaifu wake, nao ni wa namna nne hivi.

Wa kwanza ni ule unaotuhusu zaidi sisi wa kanda ya kati. Vihisi hivi huona vyema chembe zisizofika mikromita moja, yaani moshi. Vumbi kubwa havilioni inavyopasa: kifeni ni dhaifu, njia ya hewa ina kona, na chembe nzito hugonga ukuta kabla hazijafika kwenye mwali. Kwa hiyo chamchela inaweza kupita mbele yako ukala udongo mdomoni, na skrini ikaonyesha namba ndogo ya kushangaza. Usiseme hewa ilikuwa safi. Na ile namba ya PM10 inayotolewa na kifaa, kwa hapa Dodoma mwezi wa Agosti, mimi siiandiki hata kwenye daftari.

Wa pili ni unyevu. Chembe hunywa maji hewa ikiwa na unyevu mwingi, zikavimba, zikatawanya mwanga zaidi, na kifaa kikadhani uzito umeongezeka. Kwetu hili si tatizo kiangazi, hewa inapokauka hadi midomo inapasuka. Lakini linganisha vipimo vya Agosti na vya Januari bila kukumbuka unyevu, utakosea. Usikiweke kifaa juu ya sufuria inayochemka pia. Kitahesabu mvuke wa ugali.

Wa tatu ni kwamba namba ghafi haikubaliani na mashine rasmi. Watafiti wa Marekani walipolinganisha PurpleAir na vituo vya nchini mwao waliona kwamba kifaa hutaja namba kubwa mno, na masahihisho waliyoyachapisha mwaka 2021 huanza kwa kuizidisha namba ghafi kwa 0.52 hivi, kisha kurekebisha kwa unyevu. Usiyachukue masahihisho hayo kama yalivyo ukayatumia Nkuhungu hapa Dodoma, kwa sababu moshi wao na vumbi lao si wetu. Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha njia nzuri zaidi. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka 2015, ulitengeneza vifaa vyake wenyewe vinavyostahimili joto na vumbi la Afrika, ukavifunga kwenye nguzo, mapaa na hata pikipiki za bodaboda za Kampala, na kuvilinganisha na mashine rasmi palepale mjini. Kwa mtu mmoja mmoja, cha kufanya ni kununua vihisi viwili vya aina moja na kuviweka kando kwa kando siku tatu kabla ya kuanza kazi. Vikipishana sana, kimoja kina kasoro. Vikienda pamoja, unaweza kuamini tofauti kati ya mahali na mahali hata kama huamini sana namba yenyewe.

Wa nne ni uchakavu. Watengenezaji wa SDS011 huipa leza yake maisha ya saa 8,000 hivi, karibu miezi kumi na moja ikiwashwa mfululizo. Vumbi letu huyafupisha maisha hayo. Kila wiki mbili kiangazi, zima kifaa na ukipulize kwa kipulizo cha mpira cha mkono, kile cha kusafishia kamera. Usitie kitambaa chenye maji ndani.

Kuna mtego mmoja mdogo ulionipotezea wiki nzima. Vifaa vingi huhifadhi muda kwa saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Nilipopakua data ya kwanza niliona mlima mrefu saa 15:30, nikajiambia hilo ni vumbi la alasiri, maana ndio wakati wake. Kumbe ilikuwa saa 12 na nusu jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha majiko. Nililiona nililotarajia kuliona. Kabla hujafasiri mchoro wowote, washa njiti ya kiberiti karibu na kifaa, andika saa ya ukutani, kisha utafute alama ya njiti hiyo kwenye data.

Mahali na saa

Dodoma ipo kwenye uwanda wa juu, mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, ina msimu mmoja wa mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha miezi mingi mikavu. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016 mji umepanuka kila upande: mji wa serikali wa Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko yenye zaidi ya kilomita 110, reli ya kisasa iliyoanza kufikisha abiria hapa Julai 2024. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu 765,000 katika jiji. Kila kiwanja kinachofyekwa huacha udongo mtupu, na kila kaya inayohamia huwasha jiko.

Kwa siku ya kipupwe, hewa yetu ina mwendo wake. Usiku mbingu ikiwa wazi ardhi hupoa haraka, hewa baridi hutuama chini kama maji kwenye bonde, na hewa yenye joto zaidi juu yake huifunika kama mfuniko wa sufuria. Moshi wa jioni na wa alfajiri hukaa chini ya mfuniko huo. Ukipanda kilima cha Mlimwa saa 1 asubuhi utauona umetanda juu ya mapaa kama shuka. Jua likishachoma, kati ya saa 3 na saa 4, mfuniko huvunjika na moshi hupanda. Baadaye upepo huamka na zamu ya vumbi huanza, hadi jua kuzama. Kwa hiyo mtu anayepima mchana tu, kwa kuwa ndio wakati wa kazi, atapima vumbi ambalo kihisi chake hakilioni vizuri, na kuukosa moshi ambao kihisi chake kinauona barabara. Pima saa 24 kamili, na kama betri inaruhusu, 48.

Jikoni, wataalamu wa majiko wana utaratibu ambao ninaufuata: kifaa kikae mita moja kutoka kwenye jiko, kimo cha sentimita 145 kutoka sakafuni, na mita moja na nusu kutoka mlangoni au dirishani. Kimo hicho ni cha pua ya mtu aliyesimama. Lakini angalia mpishi wako anapikaje. Anayesonga ugali kwenye mafiga hukaa kwenye kigoda, na mtoto mgongoni au kando yake pua yake iko chini zaidi. Mimi huweka kifaa cha pili usawa wa kigoda. Nje, kifunge mita mbili au tatu juu, chini ya kivuli cha paa, tundu la kuvutia hewa likielekea chini, mbali na bomba la moshi la mtu yeyote.

Kisha uwe na daftari. Hili ni muhimu kuliko kifaa. Andika saa jiko lilipowashwa, kwa kuni au mkaa au mafuta ya taa, nani alifagia uwanja na saa ngapi, jirani alichoma nini, upepo ulikuwa unatoka wapi. Kilele kwenye mchoro kisicho na maelezo kwenye daftari hakikufundishi chochote.

Kuisoma namba

Namba hutolewa kwa mikrogramu katika kila mita ya ujazo ya hewa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unataka wastani wa mwaka wa PM2.5 usizidi 5, na wastani wa saa 24 usizidi 15. Mwongozo wa mwaka 2005 ulikuwa 10 na 25. Walishusha kwa sababu tafiti zilionyesha madhara hata pale palipodhaniwa ni salama. Kumbuka kwamba ni wastani. Skrini ikionyesha 80 kwa dakika mbili kwa kuwa lori limepita, usikimbie mji.

Programu za simu zina tatizo lake. Nyingi huonyesha kipimo cha rangi cha Kimarekani, ambacho si mikrogramu. Kwenye kipimo hicho 100 ni sawa na mikrogramu 35.4, na 150 ni 55.4. Watu huchanganya, wakaogopa pasipo sababu au wakatulia pasipostahili. Tena namba nyingi unazoziona chini ya jina la mji zimekadiriwa kwa kompyuta kutokana na picha za setilaiti na hali ya hewa, na setilaiti haiwezi kuingia jikoni kwako.

Wastani wa saa 24 unakokotolewa hivi, na namba hizi ni za mfano tu. Chukua mama anayekaa jikoni saa 3 kwa siku penye mikrogramu 600, na saa 21 zilizobaki yuko penye 30. Zidisha 3 kwa 600, upate 1,800. Zidisha 21 kwa 30, upate 630. Jumlisha, gawa kwa 24: amevuta wastani wa 101. Sasa tuseme ameuhamishia moto nje, penye upenyo, na ile 600 ikashuka hadi 150. Saa zile 3 zinakuwa 450, jumla 1,080, wastani 45. Bado uko juu ya 15, lakini zaidi ya nusu ya mzigo imeondoka bila kugusa barabara, viwanda wala vumbi la mji mzima. Fanya hesabu hii kwa kila mtu wa nyumba yako peke yake. Utaona baba na mama wanaolala chumba kimoja hawavuti hewa moja.

Kuunganisha namba na mwili

Kando ya daftari la hewa weka daftari la afya: nani alikohoa usiku, nani alibanwa kifua, nani alitumia dawa ya pumu ya kuvuta na mara ngapi. Kwa wiki chache huwezi kuthibitisha kwamba moshi ndio ulioleta ugonjwa, na usimruhusu mtu akuambie umethibitisha. Lakini daktari akiyaona madaftari mawili yakiwa pamoja anapata cha kufanyia kazi. London, msichana wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyekuwa na pumu kali na akiishi karibu na barabara yenye magari mengi, alifariki mwaka 2013. Mama yake hakuacha kuuliza. Kumbukumbu za kulazwa kwake zililinganishwa na vipimo vya kituo kilichokuwa karibu na nyumbani, na Desemba 2020 uchunguzi wa kisheria uliandika uchafuzi wa hewa miongoni mwa sababu za kifo chake. Bila kituo kile kilichokuwa kikirekodi hewa ya jirani, swali la mama yule lisingepata jibu.

Kwa watoto wadogo usingojee daftari. WHO inasema moshi wa nyumbani unahusika na asilimia 44 ya vifo vyote vya nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto mwenye kikohozi, mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, pumzi 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi asiyefikisha miaka 5. Akifikia namba hizo mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya, nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.

Na kuna hatari moja ambayo kifaa chako hakitaiona kamwe. Usiku wa Juni na Julai baridi ikiuma, watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi mwingi, skrini inaweza kutulia kabisa, lakini hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayowaua watu usingizini. Kihisi cha chembe hakipimi gesi. Tafadhali, usilale na jiko la mkaa ndani, hata lililofunikwa majivu, hata kwa nusu saa.

Cha kufanya ukishajua

Badilisha kinachowaka kabla ya kitu kingine chochote. Mtungi wa gesi hupunguza moshi mno, na jiko la umeme la presha huivisha maharage kwa chini ya uniti moja ya umeme, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione kwenye luku yao. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo jema, lakini kaya yenye mlenda wa kupika leo haiwezi kungojea 2034. Asiyeweza gesi leo apikie nje, akaushe kuni kabisa, awashie mkaa uwanjani na kuuingiza baada ya moshi wa kuwashia kwisha, na mtoto akae na dada yake upande upepo unakotoka. Ukiwa na jiko banifu, lipime. Mengine yanapunguza kuni kuliko yanavyopunguza moshi.

Dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mzunguko, iondoe chumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliona kwamba kipande kimoja kikiungua chote hutoa PM2.5 sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua hakitoi chochote.

Kwa vumbi, nyunyiza maji kabla ya kufagia. Najua maji ya Dodoma yana thamani, tumia yaliyofulia. Khanga puani huzuia vumbi kubwa, moshi hupita. Barakoa ya N95 huzuia vyote kama imeshika uso pande zote. Wanaoponda kokoto, pamoja na akina mama wanaozigonga kwa nyundo, wana hatari ya pekee: vumbi la mawe lina silika, inayoacha makovu kwenye mapafu taratibu na kuongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu. Usitumie kihisi cha leza kuwaambia wako salama. Walowanishe mawe, na mwenye machimbo atakiwe kuwaleta OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wapime kwa pampu na chujio.

Vumbi la ardhi iliyo tupu haliepukiki kwa barakoa, lazima ardhi ifunikwe. Mkoa huu ulishalifanya jambo hilo: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la Kondoa lililomomonyoka. Yalikuwa maumivu kwa wafugaji, na sisemi yarudiwe kwa namna ile. Lakini nyasi na miti vilirudi juu ya udongo uliokuwa umebaki mtupu kwa miaka mingi.

Nimalizie na bibi mmoja wa Chang'ombe, jirani wa rafiki yangu, aliyenikubalia nikae jikoni kwake siku mbili. Jiko ni kibanda cha bati chenye mlango mmoja. Aliwasha kuni, akapuliza kwa mdomo, na namba ikatoka tarakimu mbili hadi tatu kabla maji hayajapata joto. Nikamwonyesha. "Huu moshi, mjukuu wangu, mimi umeshanizoea," akasema, akifuta machozi kwa pindo la khanga. Siku ya pili aliyahamishia mafiga chini ya mwarobaini, na kilele kile hakikurudi. Lakini saa 1 usiku, moto wake ukiwa umeshazimwa, mstari ukapanda tena taratibu. Akausogelea, akautazama kwa muda.

"Na huu sasa ni wa nani?"

Tulitoka na kifaa cha pili, tukakifunga kwenye uzio upande wa magharibi, halafu kingine nikakiazima na kukifunga nyumba ya tatu kutoka hapo. Kwa siku nne zilizofuata bibi yule ndiye aliyeandika daftari, kwa penseli, saa kwa saa: nani amewasha, nani anachoma takataka, upepo umegeuka. Jumapili alilibeba mwenyewe kwenye mkutano wa mtaa, akaomba nafasi ya kwanza kusema.